Asubuhi ya Firenze

Wimbo unaonisumbua unaitwa Mattinata fiorentina, wa mwaka 1941. Ni asubuhi ya majira ya kuchipua mjini Firenze, na Alberto Rabagliati anaiimba kwa raha ya mtu asiye na deni wala haraka. Msiba haumo ndani yake hata chembe. Ajabu ni kwamba nyimbo za vilio za zama zile hazinigusi hivi; huu wa furaha ndio huniacha nimenyong'onyea.

Rabagliati alizaliwa Milano mwaka 1906. Valentino, nyota wa filamu mwenye asili ya Italia, alipofariki mwaka 1926, Hollywood ikatafuta Mwitalia mwingine wa kuziba pengo lile. Kijana Rabagliati akashinda shindano, akavuka bahari, lakini nyota yake haikung'ara huko. Alirudi Ulaya na baadaye akaimba na Lecuona Cuban Boys, Wakuba waliokuwa wakizunguka miji ya bara hilo miaka ya thelathini. (Waliokua wakisikiliza bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah wa Morogoro hawatashangaa; upepo wa Kuba ulifika mbali.) Nahisi ni kwa Wakuba hao alikojifunza ule ujanja wa kuuacha mdundo utangulie, kisha kuudaka pale unapodhani umekwisha kumpita.

Mwaka 1941 EIAR, redio ya taifa, ikampa kipindi chenye jina lake. Hakupaza sauti kama waimbaji wa opera waliokuwa fahari ya nchi. Alikisogelea kipaza sauti, akaimba kama anayezungumza na mtu mmoja, na kila sebule ikajiona ndiyo inayoambiwa. Sikiliza Ba-ba-baciami piccina: anaikatakata silabi ya kwanza kama mtoto anayejifunza kusoma, na bendi nzima inamsubiri amalize utani wake.

Sasa, nikisema wimbo huu wa furaha unanifanya niomboleze, naomboleza nini hasa? Italia ilikuwa vitani tangu Juni 1940, na redio ilikuwa ya Mussolini. Sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi zilikuwa zimepitishwa mwaka 1938. Mwimbaji Natalino Otto, ambaye kwa sikio langu alikuwa na swing ya jazz kumzidi Rabagliati, alifungiwa milango ya redio hiyohiyo kwa kuimba muziki ulionuka Marekani ya Weusi; waliomtaka walimsikia kwenye santuri. Trio Lescano, dada watatu kutoka Uholanzi waliopendwa nchi nzima, mama yao alikuwa Myahudi. Mwaka 1943 sauti zao zikatoweka hewani. Rabagliati alipita kwa sababu ulaini wake haukumtisha mtu. Simlaumu, lakini siwezi kujifanya sijui kwamba raha ile ilikuwa na kibali.

Kisha ikaja Agosti 1944. Wajerumani waliporudi nyuma walilipua madaraja ya Firenze, wakaacha Ponte Vecchio peke yake, na hata hilo nyumba za pande zake mbili zilibomolewa. Ponte Santa Trinita, la karne ya 16, lilianguka mtoni pamoja na sanamu za majira manne zilizosimama kwenye pembe zake. Baada ya vita watu walizama kwenye mto Arno kuyatafuta mawe yake, na daraja likafunguliwa tena mwaka 1958. Sanamu zikarudi mahali pake, ila ile ya majira ya kuchipua haikuwa na kichwa. Kichwa kilipatikana mwaka 1961, kwenye tope la mto. Kimerudishwa shingoni, na ukisogea karibu mshono unauona.

Rabagliati hakutafutwa kiasi hicho. Miaka ya hamsini ilikuwa na tamasha la Sanremo na waimbaji wengine. Yeye akabaki na sehemu ndogondogo kwenye filamu, mojawapo The Barefoot Contessa ya 1954. Alifariki Roma mwaka 1974. Nyimbo zake leo ni zilipendwa, zimesafishwa mikwaruzo yote, na usafi huo ndio unaonikera. Bila mkwaruzo asubuhi ile inasikika kama ya jana, kama kwamba mtu angeweza kutoka nyumbani akalikuta daraja zima. Mimi nautafuta wimbo ule kwenye nakala mbovu, ile ambayo sindano inaguguna na sauti yake inabidi uitafute.