Kisu cha Safari

Atokaye Kolwezi alfajiri kwenda mtoni Lualaba hupita kwanza penye kazi za wanadamu, ndipo afike penye kazi za Mwenyezi Mungu. Kandokando ya mji yako mashimo makubwa ya machimbo, na huko Kingamyambo umelundikana udongo mwembamba uliosalia baada ya mawe ya shaba kusagwa na kuoshwa. Kwa miaka mingi watu waliudhani kuwa takataka tu. Lakini tangu 2018 unaoshwa tena, kwa sababu ndani yake imo bado shaba na kobalti. Basi, wasomaji wapenzi, kitu hakipimwi kwa sura yake ya nje. Mimi nililijua neno hilo, hata nikalifundisha darasani. Lakini kulishika nilijifunza kwa uchungu, kwa ajili ya kisu.

Likizo moja ya kiangazi nilichukua wavulana 12 tukalale siku tatu kando ya ziwa la Nzilo. Ziwa hilo si la kale: lilitokea katika miaka ya 1950, Lualaba ilipozuiwa kwa boma ili kupata umeme wa migodi. Sasa wavuvi hutega nyavu zao mahali palipokuwa bonde. Ukingoni kuna msitu wa miombo na vichuguu virefu kuliko mtu, na usiku wa Julai baridi huingia mpaka mifupani. Kabla ya safari niliwaambia wavulana: “Kila mmoja alete blanketi, sahani, na kisu chochote.” Neno hilo “chochote” ndilo lililokuwa kosa langu.

Jioni ya kwanza tulipofungua mizigo, niliona visu vya mezani, visu vya kukunja, na kimoja cha kung'aa sana, chenye meno ya msumeno mgongoni, ambacho wenzake wote walikitamani. Hicho cha kung'aa hakikumaliza hata kazi ya moto. Mwenyewe alipopasua kijiti cha pili, kilikatika penye mpini. Tukatazama ndani: mkia wa chuma ulioingia mpinini haukuzidi kidole cha mwisho kwa urefu. Wavulana walicheka, nami nikacheka pamoja nao.

Kicheko hakikudumu. Kijana mmoja wa miaka 14 alikuwa akitoboa mti wa kutundikia sufuria ya bukari, akisukuma kwa ncha ya kisu cha kukunja. Kisu kikageuka, kikajifunga juu ya vidole vyake. Tulimfunga kitambaa kwa nguvu, tukamshika mkono juu, tukangoja lori la wachuuzi wa samaki limpeleke zahanati. Usiku ule ulikuwa mrefu. Jeraha lilipona, lakini kidole cha shahada hakikunjiki tena.

Nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Kabla sijamaliza maneno yangu, mama yake alinikatiza: “Mwalimu, kisu kile mimi ndimi niliyemnunulia.” Tukakaa kimya. Kila mmoja alitaka kubeba kosa hilo peke yake, na kidole kilikuwa vile vile.

Ndipo nilipomwendea mzee mmoja mhunzi, afuaye visu kwa springi kuukuu za malori. Nchi yetu haikuanza jana kujua kazi hii. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, mbali kidogo chini ya mto huu huu, wataalamu waliochimba makaburi ya kale mnamo 1957 waliona vyungu, mapambo ya shaba na zana za chuma. Tena misalaba ya shaba ya mababu zetu ilikuwa fedha ya biashara. Nilimwuliza mzee: “Baba, katika nchi ya shaba, mbona hufui visu vya shaba?” Akajibu: “Shaba hukubali nyundo upesi, tena hupoteza makali upesi. Shaba ni ya pambo na ya mali; kazi ni ya chuma.” Kisha akanifundisha kuchagua, nami nawapeni mafundisho yake pamoja na niliyoyaona mwenyewe baadaye.

Kwanza, kisu cha safari kisikunjwe. Vipo vya kukunja vilivyo vyema. Vile vya Opinel vya Ufaransa, kwa mfano, vilipewa pete ya kufungia tangu 1955. Lakini kisu kisicho na bawaba hakiwezi kujifunga juu ya mkono.

Pili, tazama mpini kabla ya kutazama bapa. Chuma kipite ndani yake mpaka mwisho, au karibu na mwisho. Kikionekana ubavuni mwa mpini, kati ya vipande viwili vya mti vilivyokazwa kwa misumari, ni heri. Mpini ujaze kiganja, usiteleze ukilowa, na penye bapa uwe na kikingio cha kuzuia vidole.

Tatu, usipende ukubwa. Bapa la sentimita 10 hadi 12 latosha kumenya viazi, kupasua samaki, kukata kamba na kuchonga kijiti. Unene wa milimita 3 hivi wafaa: bapa jembamba mno hukatika, nene mno hupasua kiazi badala ya kukikata. Kuangusha mti ni kazi ya panga.

Nne, jua chuma chako. Chuma cha kawaida hunoleka vizuri kwa kinoo, lakini hupata kutu. Kipanguswe na kupakwa mafuta kidogo. Chuma chenye kromu hustahimili maji, chafaa kwa wavuvi. Huko Mora, Uswidi, hutengeneza visu vya namna zote mbili, vyepesi, visivyo na pambo lolote, na mafundi wa nchi nyingi huvitumia kila siku.

Tano, ala iwe imara, ikishike kisu hata ukiinama. Lakini nyumbani usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu. Ile aliyonishonea mzee ilikazwa kwa vipande vya waya wa shaba. “Hapo,” akasema, “shaba imepata kazi yake.”

Mwaka uliofuata tulirudi Nzilo. Safari hiyo visu vilikuwa vinne tu, nami nilivikagua kimoja kimoja. Sheria zilikuwa chache: kata kwa kusukuma mbali na mwili, mpe mwenzako kisu kwa kutanguliza mpini, ukitaka kutembea, kirudishe alani, na mjini kisu hakichukuliwi.

Yule kijana alikuja pia. Nilipompa kisu alikitazama, akakiweka chini, akasema atachota maji. Sikumlazimisha. Siku ya tatu, asubuhi, nilitoka hemani nikamwona ameketi karibu na moto. Alikuwa akimenya viazi vitamu polepole, kidole kile kimenyooka juu ya mgongo wa kisu, na sufuria ilikuwa karibu kujaa.