Draya, pasi na upepo wa barazani

Jamani, nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili tatu hivi. Naomba radhi. Siyo kwamba sina la kuandika, kazi zimenibana tu. Leo sitaki siasa, wala bajeti, wala foleni ya Ubungo. Leo nataka tuongee kuhusu nywele. Kaka zangu msikimbie, na ninyi mna dada na wake, na wengine ndio mnaolipia saluni, au siyo?

Nianze mwanzo. Dawa ya nywele niliweka kwa mara ya kwanza nilipomaliza kidato cha nne. Mliosoma shule za serikali mnajua mambo yalivyo: miaka minne kichwa ni cha kunyoa, hata zikirefuka kidogo tu mwalimu wa zamu ana mkasi mfukoni. Kwa hiyo mtihani wa mwisho ukiisha unaanza kuhesabu miezi. Zikishikika tu, mbio saluni. Nakumbuka dawa ilivyoniwasha mpaka machozi yakanitoka, na msusi ananiambia, "Vumilia mdogo wangu, bado kidogo zilale." Nikavumilia. Zikalala. Nikajiona malkia.

Miaka ikaenda, nikasoma, nikapata kazi kituoni. Mwanzo nilikuwa nyuma ya kamera, naandika habari za wengine wasome. Halafu siku moja nikapewa kipindi cha Ijumaa asubuhi. Furaha niliyokuwa nayo sina haja ya kuwasimulia. Ila bosi akanipa na sharti: "Mtangazaji ni sura. Nywele nataka zinyooke, zing'ae." Basi kila Alhamisi jioni nikawa saluni. Kuoshwa, draya ya mkono, halafu pasi. Na Ijumaa alfajiri kabla ya kutoka nyumbani napiga pasi tena mwenyewe, maana jasho la usiku wa Dar mnalijua. Ukihesabu, nywele zilezile zinapigwa moto mara tatu ndani ya saa kumi na mbili. Mwaka mzima.

Majibu yakaanza kuja polepole. Kwanza kitana kinatoka na vipande vifupi vifupi. Siyo unywele mzima wenye kile kijitumba cheupe kwenye mzizi, la, vipande. Huo siyo unyonyokaji, huko ni kukatika. Halafu kingo za mbele zikaanza kurudi nyuma. Halafu siku moja msusi wangu, ambaye huwa haishiwi maneno, akanyamaza ghafla nyuma yangu. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Anti, hapa kisogoni pamebaki kama ukili." Akanipigia picha kwa simu nikaona mwenyewe. Sikulala vizuri siku ile.

Unadhani niliacha? Sikuacha. Ningeachaje na Ijumaa inakuja? Nikanunua mafuta ya bei mbaya nikaendelea na pasi.

Kilichoniachisha ni mgawo wa umeme. Mnaukumbuka ule wa mwishoni mwa mwaka 2023, kabla bwawa la Nyerere halijaanza kutoa umeme Februari 2024. Alhamisi moja nimeshaoshwa kichwa, maji yanachuruzika shingoni, umeme ukakata. Saluni haina jenereta. Tukasubiri saa nzima, tukasubiri nyingine. Msusi akaniambia, "Anti, leo tumekwama." Nikafunga taulo kichwani, nikapanda daladala, nikaenda Tabata kwa mama nikidhani kwake umeme upo. Na kwake giza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We mtoto, mbona na taulo kichwani kama umetoka kisimani?"

Nikamweleza, nusu nalia. Kesho niko hewani, nywele mbichi, umeme hakuna. Mama akanitazama, akaingia ndani akatoka na kigoda, kitana cha meno mapana na kopo la mafuta ya nazi. Akaniambia nikae barazani. Taulo akalitupa pembeni, akachukua fulana yake kuukuu ya pamba akakamua maji polepole bila kusugua. Akapaka mafuta kidogo kwenye ncha. Akafunga mabutu manne makubwa, akayaacha yapigwe upepo.

Alipofika kisogoni mikono yake ikasimama. Hakusema kitu. Baadaye akachukua kidole changu akakipitisha juu ya sikio lake, pana kovu laini pale. Kovu hilo nimeliona maisha yangu yote na sijawahi kuuliza. Akasema, "Hiki kilikuwa kitana cha moto. Tulikiweka juu ya jiko la mkaa. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, naenda kwenye harusi." Mama yangu anafunga kilemba kila siku. Siku zote nimedhani ni mapenzi yake tu ya vitenge. Kumbe chini yake kingo za mbele hazikurudi.

Asubuhi nilifungua yale mabutu. Nywele zilikuwa zimekauka, zina mawimbi, siyo zimenyooka. Nikazibana nyuma, nikaenda kazini moyo unanidunda. Bosi akaangalia kichwa changu, akaangalia saa, hakukuwa na muda wa kubishana. Nikasoma kipindi. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyepiga simu kulalamika kuhusu nywele. Walipiga kulalamika kuhusu mgawo.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari, siwezi kusikia jambo la mama nikaishia hapo. Nikaanza kuchimba. Nawaandikia nilichokipata kwa lugha ya kawaida.

Unywele umejengwa kwa protini inayoitwa keratini, na nyuzi zake zimeshikana kwa vifungo vya aina mbalimbali. Vifungo vya salfa ndivyo vigumu kuliko vyote, na ndivyo hasa dawa inavivunja. Dawa nyingi zina kostiki ndani yake, ndugu yake ile ile wanayotengenezea sabuni, na hata zile zinazoitwa za kistaarabu zina kemikali kali ya jamii hiyo hiyo. Vifungo vikishavunjwa havirudi kama vilivyokuwa. Kwa hiyo unywele wenye dawa umeshapoteza sehemu ya nguvu zake kabla hujagusa swichi ya draya. Ukiuongezea moto unamchapa mgonjwa.

Kuna vifungo vingine vyepesi ambavyo maji tu yanavifungua, na vikikauka vinajifunga upya kwa umbo lolote utakalokuwa umezishikia nywele. Ndiyo maana rola zinafanya kazi, na ndiyo maana mabutu ya mama yalinipa mawimbi. Huhitaji moto mkali kupata umbo. Unahitaji subira. Na ndiyo maana pia umande wa pwani unaziharibia nywele zilizopigwa pasi: unyevu unafungua tena kile ulichokifunga asubuhi.

Kitu kibaya kuliko vyote ni pasi juu ya nywele mbichi. Ule mlio wa "tssss" tunaousikia saluni tukadhani ni mafuta, mara nyingi ni maji yanachemka ndani ya unywele wenyewe. Yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, unaacha vishimo kama mapovu. Hapo ndipo unywele unapokatikia. Pasi nyingi zinafika nyuzi joto 200 na zaidi, na maji yanachemka kwenye 100. Fanya hesabu mwenyewe.

Hapo nikataka kuandika hapa kwamba upepo umeshinda, mama yuko sahihi, kwaheri draya. Lakini nikakutana na utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2011. Walichukua nywele, wakaziosha na kuzikausha mara 30. Nyingine waliziacha zikauke zenyewe zaidi ya saa mbili. Nyingine walitumia draya: sentimita 15 kutoka kwenye nywele, ambako joto lilikuwa kama nyuzi 47, kisha sentimita 10, kisha 5 ambako lilifika 95. Kwa ngozi ya juu ya unywele, kadiri joto lilivyopanda ndivyo madhara yalivyozidi, kama tulivyotegemea. Ila ile gundi inayoshikilia tabaka za ndani iliharibika kwenye zile zilizokauka zenyewe tu! Watafiti walidhani ni kwa sababu zilikaa na maji muda mrefu mno. Ushauri wao ukawa: draya umbali wa sentimita 15, na mkono usisimame sehemu moja.

Nilimsomea mama. Akacheka. "Kwani nilikwambia ukae na maji mpaka kesho? Ndiyo maana nilikamua kwanza." Nikakosa jibu.

Niseme wazi kwamba nywele zile hazikuwa na dawa kama zangu, kwa hiyo siwezi kuuchukua utafiti ule kama ulivyo nikauvaa kichwani. Lakini umeniondolea ushabiki. Siku hizi nafanya hivi: naosha mara moja kwa wiki, nakamua kwa fulana ya pamba, nasubiri zipungue maji zenyewe, halafu rola na draya ya kofia kwa joto la chini. Pasi sijagusa miezi mingi. Kisogoni pameanza kuota, laini kama za mtoto. Kingo za mbele bado. Nazingoja.

Kuna jambo moja linanikera na sijalimaliza. Mwaka 2022 Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Waliokuwa wakitumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata saratani ya mji wa mimba, kuliko wasiotumia. Saratani hiyo si ya kawaida sana hata kwa watumiaji, na utafiti wa namna hiyo haumalizi kesi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Lakini nimeusoma, siwezi kujifanya sijausoma. Mimi nimekuwa nikibishana draya au upepo, na huenda swali kubwa lilikuwa kwenye kopo la dawa tangu ile siku msusi aliponiambia nivumilie. Tangu nisome hayo nimeruka zamu mbili za dawa. Ya tatu inakaribia na bado sijaamua.

Halafu juzi mtoto wa mama mdogo kapiga simu. Anamaliza kidato cha nne mwaka huu. "Dada, ile pasi yako si huitumii? Nipe basi, nikimaliza mtihani naweka dawa." Sauti yake imejaa furaha ile ile niliyokuwa nayo mimi. Nikamwambia nitampa rola. Akanuna. Nikamwambia kabla ya kwenda saluni apitie kwanza kwa mama Tabata, akae barazani, amwombe amsimulie lile kovu la sikio.

Kasema atapita. Pasi bado iko kabatini kwangu, na simpi mtu. Wewe ungempa?