Motokaa Kuukuu Huulizwa Kabla ya Kufunguliwa

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Neno hilo watu hulikumbuka wapoteapo njia, lakini ni wachache walikumbukao wakati motokaa inapokataa kupanda mlima. Hapo aghalabu mwenye gari huingiwa na hofu, naye fundi huingiwa na haraka, na kabla ya jua kutua injini nzima imekwisha kufunguliwa, vyuma vimetandazwa juu ya gunia, wala hapana hata mmoja wao ajuaye ugonjwa ulikuwa nini.

Mkulima mmoja wa Kinangop alijifunza jambo hilo kwa gharama ambayo nusura iwe kubwa. Yeye alirithi kwa baba yake Land Rover ya petroli yenye silinda nne, ya namna ile iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Kwa gari hilo aliteremsha viazi na kabichi hadi soko la Naivasha, na jioni akapanda nalo akiwa amepakia mbolea. Gari lilikuwa kuukuu, lakini ndilo lililotia chakula mezani.

Basi, msimu mmoja wa kupanda viazi, gari likaanza kuugua. Lilikuwa na dalili mbili. Ya kwanza ni kwamba hata liliposimama uani injini ikiwaka polepole, lilitetemeka, na mlio wa bomba la moshi ulikuwa na pengo lisilokoma, kama hatua za mtu achechemeaye. Mafundi husema injini ya namna hiyo inamisi. Dalili ya pili ndiyo iliyomtisha. Alipopanda kutoka Naivasha na mzigo, baada ya nusu saa hivi injini ilianza kukohoa na nguvu kupungua. Akashuka gia ya tatu, akashuka ya pili, akashuka ya kwanza, na mwisho gari likasimama kabisa. Akingoja dakika kumi, liliwaka tena kana kwamba halikuumwa kamwe, likaenda kilomita chache, kisha likarudia yale yale.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alikuwa kijana wa huko huko juu Kinangop. Akatoa plagi zote, akatia kipimo cha mgandamizo wa hewa katika kila silinda, akasoma ratili 120 kwa kila inchi mraba, au karibu na hapo. Akafungua kitabu, akaona hesabu kubwa kuliko hiyo, akatikisa kichwa. “Pistoni zimekwisha,” akasema. “Injini hii imekufa, Mzee. Tafuta nyingine.”

Bei ya injini nyingine ilikuwa sawasawa na bei ya ng'ombe wake mmoja wa maziwa, yule ambaye maziwa yake yalilipa karo ya watoto wawili. Mkulima hakulala usiku ule. Jumamosi mnunuzi akaja, akamtazama ng'ombe, akamshika kiwele, akaridhika, akaahidi kurudi Jumatano na fedha mkononi.

Mkewe ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza. “Baba watoto,” akasema, “fundi amenena kwamba injini imekufa. Je, alikueleza kwa nini maiti huyu hufufuka akipumzishwa dakika kumi?”

Mkulima hakuwa na jibu. Jumatatu alfajiri akateremka Naivasha, gari likiwa tupu, akamtafuta mzee mmoja ambaye tangu ujana wake alitengeneza magari ya namna hiyo. Mzee yule hakushika spana. Aliketi juu ya debe lililopinduliwa, akachukua kipande cha katoni na kalamu, akaanza kuuliza. Ugonjwa ulianza lini? Huja injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Huja mlimani tu, au hata tambarare? Huja na mvua? Likisimama, hungoja muda gani hata liwake? Na swali la mwisho: ni kitu gani kilichobadilishwa katika gari siku chache kabla ya ugonjwa kuanza?

“Hakuna kitu, Mzee,” akajibu mkulima. “Ila kifuniko cha tangi la petroli kilipotea sokoni, nikatia kingine, nikakizungushia mpira ili vumbi lisiingie.”

Mzee akaliandika na hilo, wala hakusema neno.

Kisha akamweleza. “Mwanangu, injini ya petroli hutaka mambo manne tu: hewa, petroli, mgandamizo, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Likikosekana moja, nguvu hupungua. Kazi ya fundi si kubahatisha ni lipi, bali kuyafuata moja moja, akianza na lile lisilo na gharama. Tena gari lako lina magonjwa mawili, si moja. Pengo la mlio halikomi, na lile la mlimani huja na kwenda. Mtu akiyachanganya hayo mawili, ataiona injini nzima kuwa mbovu.”

Kwanza akapima upya mgandamizo, maana hapo ndipo ng'ombe alipokuwa ametiwa kitanzi. Injini ikapashwa moto, plagi zote nne zikatolewa, kikanyagio cha petroli kikakanyagwa hadi mwisho ili hewa ipite bila kizuizi, na injini ikazungushwa kwa stata. Silinda zote nne zilikaribiana, tofauti yake haikuzidi ratili tano. Mzee akatabasamu.

“Tuseme kitabu kinataka ratili 160,” akasema. “Hesabu hiyo ni ya nchi iliyo karibu na usawa wa bahari. Kinangop iko juu karibu mita 2,500, na hewa ya huko ni nyepesi. Uzito wake ni kama robo tatu ya hewa ya Mombasa. Injini haiwezi kugandamiza hewa isiyokuwapo. Kwa hiyo mahali kipimo kingesoma 160 pwani, huko kwenu kitasoma kama 120, na injini ni nzima. Usitazame ukubwa wa hesabu peke yake. Tazama kama silinda zinalingana. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, hapo kuna jambo.”

Akamfundisha na la kufanya ikiwa moja iko chini. Hutiwa kijiko cha oili ndani ya silinda ile kwa tundu la plagi, kisha hupimwa tena. Hesabu ikipanda sana, ringi za pistoni zimechakaa, kwa kuwa oili imeziba nafasi yake. Isipopanda, huenda valvu haifungi vema, au gasketi imeungua. Valvu za injini za zamani zataka kuangaliwa zaidi, kwa sababu nyingi zilitengenezwa zitumie petroli iliyotiwa madini ya risasi, na petroli hiyo iliachwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Bila risasi, vikalio vya valvu vilivyo laini huweza kulika polepole, nafasi ya valvu ikapungua, na mwisho valvu ikashindwa kufunga. Katika injini ile nafasi hiyo yapasa kuwa milimita 0.25. Mzee aliipima, akaikuta sawa.

Baadaye akalishughulikia lile pengo la mlio. Injini ikiwaka polepole, alichukua koleo lenye mpini wa mpira, akachomoa waya wa plagi moja, akaugusisha chuma cha injini ili umeme usitafute njia nyingine, akasikiliza, akaurudisha. Alipochomoa wa kwanza, mlio ukazidi kuharibika. Wa pili vivyo hivyo. Alipochomoa wa tatu, hapakuwa na badiliko lo lote. “Mvivu ni huyu,” akasema. Akazima injini, akaitoa plagi ya silinda ya tatu, akaibadilisha mahali na ya kwanza. Injini ilipowashwa, uvivu ulikuwa umehamia silinda ya kwanza. Basi haikuwa silinda, wala waya, wala valvu. Ilikuwa plagi yenyewe. Walipoipangusa wakaona ufa mwembamba kama unywele katika kigae chake cheupe.

Hapo mzee akampanga mkulima mbele ya zile plagi nyingine, akamwonyesha jinsi ya kuzisoma. Ncha yenye rangi ya udongo mwekundu uliofifia ni ya silinda yenye afya. Ncha nyeusi yenye masizi makavu ni dalili ya petroli nyingi kuliko hewa. Labda chujio la hewa limeziba, au choki haikurudishwa. Ncha iliyolowa petroli haikupata cheche. Ncha yenye oili nyeusi yatoa habari za ringi au valvu. Ncha nyeupe kama majivu yaonya kwamba petroli ni chache au injini ina joto mno. Na pasipo fedha za kununua vipimo, giza la usiku ni kipimo kizuri: boneti ifunguliwe injini ikiwaka, na mtu atazame bila kugusa. Waya uliopasuka, au kifuniko cha distributa chenye ufa, huonyesha cheche ndogo za buluu zikirukaruka mahali pasipo pake.

Sasa ukabaki ugonjwa wa mlimani. Plagi mpya ilikuwa imekwisha kutiwa na injini ilikuwa ikinguruma sawasawa. Hata hivyo mzee hakugusa kitu kingine. “Tukibadilisha mambo matatu kwa pamoja na gari likapona,” akasema, “hatutajua dawa ilikuwa ipi, na siku likiugua tena tutayanunua yote matatu.” Wakapakia magunia ya mbolea, wakaushika mlima. Baada ya nusu saa injini ikakohoa kama ilivyo desturi yake, ikasimama.

“Usingoje dakika kumi,” mzee akamwambia. “Nenda kafungue kile kifuniko chako.”

Mkulima akakizungusha kifuniko cha tangi, na hewa ikaingia kwa kishindo, fuuu, kama pumzi ya mtu aliyezama majini akatoa kichwa. Akarudi kwenye usukani, akawasha, na gari likawaka mara moja.

Sababu ilikuwa nyepesi. Petroli ikitoka tangini, sharti hewa iingie mahali pake. Kifuniko cha kwanza kilikuwa na tundu dogo la kupitisha hewa. Kile kipya hakikuwa nalo, na ule mpira ulioziba vumbi uliziba hata pumzi. Kwa nusu saa pampu ilivuta petroli hata ikashindwa, na kabureta ikakauka, hasa mlimani ambako injini hunywa zaidi. Gari likisimama, hewa ilipenya kidogo kidogo, na ndiyo sababu maiti akafufuka. Wakageuza gari, wakateremka mjini wakanunua kifuniko kinachofaa kwa mwuza vyuma vya magari ya zamani, wakapanda tena na mzigo ule ule. Gari halikukohoa hata lilipofika nyumbani.

Lakini mzee hakutaka mkulima atarajie miujiza. Alimweleza kwamba katika urefu ule hata injini nzima ya namna hiyo hupoteza kama robo ya nguvu zake kwa sababu ya wepesi wa hewa. Basi kushuka gia moja mlimani si ugonjwa. Ugonjwa ni badiliko: gari lililopanda jana kwa gia ya tatu likitaka ya kwanza leo, na mzigo ni ule ule.

Jumatano mnunuzi alikuja na fedha mkononi. Mkulima akamkaribisha chai yenye maziwa mengi, akamwomba radhi, akamwambia kwamba ng'ombe hauzwi tena. Gharama yote ilikuwa plagi moja, kifuniko kimoja, na ujira wa mzee.

Yule kijana wa kwanza hakuwa mwongo. Kipimo chake kilisoma sawa. Yeye hakuuliza tu kimesomea wapi. Mkulima alimwendea akamsimulia yote bila kumwaibisha, na kijana akaandika hesabu za Kinangop pembeni mwa kitabu chake.

Tangu siku hiyo chini ya kiti cha Land Rover ile kuna daftari. Ndani yake huandikwa tarehe, dalili, na kila kitu kilichobadilishwa, hata kikiwa kidogo namna gani. Ukurasa wa kwanza una neno moja tu: kifuniko.