Mbwa wa Kengele ya Mti

Mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa Ubelgiji, alinitumia picha ya mbwa jike aliyemnunua: mwekundu, kifua na nyayo nyeupe, mkia umejikunja juu ya kiuno. Basenji. "Mjomba, huko Ituri mmewahi kuwaona?" Swali hilo liliniuma.

Jirani yetu pale Mambasa, mwindaji mzee, hakukosa mbwa hao uani. Walilala kwenye majivu ya jikoni, wakinuka moshi na manyoya mabichi, na asubuhi walitoka na ubavu mmoja mweupe. Kwa kuwa hawabweki, mzee aliwavika kengele ya mti aliyoichonga mwenyewe. Njiani aliiziba kwa majani. Kwenye nyavu aliyatoa, na sisi watoto tukafuata mawindo yote kwa masikio. Kengele ikienda mbio, mboloko, yule paa mdogo wa msituni, ameinuka. Ikizunguka mahali pamoja, amejificha chini ya gogo.

Mbegu aliichagua kwa kazi tu. Jike aliyepoteza harufu penye kijito, hakuna aliyeomba watoto wake. Aliyeleta nyama, watoto wake waliahidiwa watu wa vijiji vya mbali kabla hajazaa. Na kwa vile mbwa hawa hupata joto mara moja kwa mwaka, walioahidiwa walisubiri sana. Wekundu, weusi, wenye milia, kwake wote walikuwa sawa.

Huko Uingereza mbwa hawa walionyeshwa mwaka 1895, wakafa kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1937 walirudi katika maonyesho ya Crufts, na safari hii wakaishi. Daftari la ukoo likafungwa juu ya hao na wachache walioongezwa baadaye, majaji wakatazama mkia, mikunjo ya paji la uso na mwendo. Pua hawakuipima. Ndugu walipandishwa kwa ndugu hadi magonjwa yakachomoza: upungufu wa damu wa kurithi, na Fanconi, ambapo figo humwaga kwenye mkojo sukari na chumvi ambazo mwili unazihitaji. Ndipo mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walipokuja kaskazini-mashariki mwa Zaire, Kongo yetu ya leo, kutafuta damu mpya vijijini, na mwaka 1990 daftari la kwao likafunguliwa kuwapokea, wenye milia pia. Waliokuja kuokoa mbwa wao waliokolewa na kazi ya wazee ambao majina yao hayamo katika daftari lolote. Hilo linanikasirisha hadi leo.

Na sisi wenyewe tumewatupa. Vita vilitimua watu, bunduki ikachukua nafasi ya nyavu, barabara ikaleta mbwa wakubwa wa ulinzi. Mzee amekufa, wanawe wanauza petroli kwa chupa kando ya njia.

Nilimjibu mpwa wangu: kabla ya kumzalisha, dai majibu ya kipimo cha vinasaba cha Fanconi. Kisha ficha nyama kwenye majani marefu, upepo ukitoka upande wa pili. Asipoitafuta, usimzalishe, hata kama mkia wake umejikunja mara mbili.