Moto wa Juni na Moto wa Septemba

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Kigoma kwa gari la moshi, safari yako isiishie stesheni, wala penye miembe ya Ujiji walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Panda boti uelekee kaskazini, yapata kilomita 16, hadi Gombe, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Ukiwa ziwani utaona mabonde yenye msitu mzito, na juu yake vilele vilivyovaa miombo na nyasi.

Sasa tazama milima ya mwambao huu usiku wa Septemba usio na mbalamwezi. Chini zinameremeta taa za wavuvi wa dagaa. Juu, mara nyingine, unatambaa mstari mwekundu. Mgeni husifu uzuri wake, bali mwenyeji huona hasara. Wakati huo nyasi zimekauka kabisa. Moto hupanda hadi matawini, huua miche, na kuunguza maua yanayochipua kabla ya mvua. Mvua ya kwanza huukuta mlima uchi, na kuuteremsha udongo wake ziwani.

Je, tuuache moto kabisa? La. Nyasi zilizolimbikizana miaka mingi ni kuni za moto mkubwa zaidi, na maua madogo hukosa jua chini yake. Jambo kuu ni wakati. Mwishoni mwa Mei au mwezi wa Juni, mashina ya nyasi bado yana unyevu. Moto uwashwao jioni, upepo ukiwa umetulia, hutambaa chini, huacha viraka visivyoungua, na mara nyingi hufifia umande ushukapo. Mizizi minene ya maua imelala salama ardhini, ikingoja kuchipua penye nafasi na mwanga.

Karibu na Ndola, nchini Zambia, majaribio yaliyoanza mwaka 1933 yalithibitisha hayo. Palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, msitu ulitoweka na kuacha nyasi. Palipochomwa mapema, miti ilisalia.

Hata hivyo, hii si kazi ya mtu mmoja mwenye kiberiti. Kibali kipatikane, njia ya kuzuia moto ifyekwe, majirani na wafuga nyuki waarifiwe. Wala mahali pamoja pasichomwe kila mwaka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini udongo uliokwisha kuzama katika Tanganyika, ndugu msomaji, hakuna fundi wa kuurudisha mlimani.