Kiwambo kilichopooza: tuulize kabla ya kuchanga

Mchango wa matibabu ni sadaka tunayoijua vyema hapa Makoongwe. Linalotushinda ni kuuliza fedha zinakwenda kufanya nini.

Ndugu yetu mmoja katika jamaa ya msikiti alianguka mkarafuuni, akaumia shingo na bega. Mifupa ikaunga, pumzi haikutengenea. Akilala chali hukosa hewa, na akisujudu hutweta. Kwenye eksirei ilionekana kiwambo, yaani msuli ulio baina ya kifua na tumbo, kimepanda upande wa kulia. Alipoambiwa anuse kwa nguvu, upande mzima ulishuka, ule wa pili ukapanda. Mshipa wa fahamu unaokiendesha huanzia shingoni, nao ndio ulioumia.

Watu wakaanza kuchanga apelekwe Dar es Salaam au India. Kamati tukauliza: akapasuliwe nini?

Kumbe upasuaji wenyewe si mmoja. Ulio maarufu ni kukikunja kiwambo na kukishona ili kikazike, kikae chini, na pafu lipate nafasi. Hakifufuki. Hubaki kimepooza, ila hakipandi tena ovyo kila avutapo pumzi. Watu wake walidhani atarudi kama zamani, na ilitubidi tuwaambie mapema, ingawa ilikuwa nzito. Upo pia wa kuunga mshipa wenyewe kwa kipande cha mshipa kutoka mguuni, ambao matunda yake hungojewa miezi mingi, pengine kupita mwaka. Na kipo kifaa cha umeme cha kuuamsha mshipa, kifaacho zaidi walioumia uti wa mgongo juu shingoni huku mshipa wenyewe ukiwa hai. Mshipa uliokufa hauamshwi.

Kisha kuna kungoja. Mshipa uliovutika bila kukatika huweza kupona wenyewe, na wengi waliopooza upande mmoja huishi bila kupasuliwa. Yeye bado hajatimiza mwaka.

Kwa sasa hulala ameegemea mito. Kuswali juu ya kiti aliona haya, mpaka imamu alipomkumbusha Imran bin Husain (R.A.), ambaye Mtume (S.A.W.) alimruhusu kukaa, na akishindwa, alale ubavu.

Daktari ameagiza vipimo virudiwe Mfungo Nne. Fedha zilizokusanywa tumeziandika daftarini jina kwa jina, na wenyewe wameridhia zikae hadi majibu yatoke. Wawili waliomba kurejeshewa; tumewarejeshea.