Mgeni Aliyetazamia Joto Nairobi

Kijana wa Ulaya aliyejitolea kufanya kazi mwaka mzima katika Afrika hufunga mizigo yake huku akiliwaza jua. Hutia sandukuni mashati mepesi, kofia pana, chandarua na dawa ya mbu. Kisha hushuka uwanja wa ndege wa Embakasi alfajiri moja ya mwezi wa Julai, na mara meno yake yaanza kugongana. Kumbe hakuambiwa kwamba Nairobi imekaa juu ya nchi iliyoinuka, yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, wala kwamba jina lenyewe ni la Kimaasai, na maana yake ni maji baridi. Toka Juni hata Agosti mawingu huweza kulifunika jua kutwa, na usiku baridi hufika digrii 12 au chini yake. Hata wenyeji huvaa makoti.

Wageni wa namna hii si jambo jipya. Chama cha VSO cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1958. Marekani ilifuata mwaka 1961, wakati wa Rais Kennedy, na Japani mwaka 1965. Kenya ilipokwisha kupata uhuru mwaka 1963 iliwapokea wengi wao, khasa walimu wa shule za sekondari. Ujerumani nayo huwatuma vijana wake tangu mwaka 2008, kwa mpango uitwao weltwärts. Ampelekwaye Lodwar au Garissa atalipata joto alilolitazamia, tena kwa wingi. Abakiye Nairobi yampasa kutafuta sweta.

Siku hizi iko barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo huweza kumchukua mtu kutoka uwanja wa ndege hata Westlands bila kuukanyaga mji. Ni barabara nzuri, walakini mgeni wa kazi heri apite chini, kwa sababu shughuli yake ya kwanza iko katikati ya mji. Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway limesimama jumba refu la Nyayo, nyumba ya Idara ya Uhamiaji. Wengi hudhani kwamba mtu asiyepokea mshahara hahitaji kibali cha kazi. Sivyo. Kazi ya kujitolea ni kazi mbele ya sheria ya Kenya, na ruhusa ya mtalii haitoshi.

Akiisha kushughulikia karatasi zake, na atembee kwa miguu. Kenyatta Avenue ni pana kupita kiasi, na husimuliwa kwamba ilipimwa hivyo ili magari yavutwayo na makundi ya ng'ombe yaweze kugeuka. Mji wenyewe ulianza kuwa kituo cha reli mwaka 1899. Karibu na hapo ataona msikiti wa Jamia, maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, na soko kuu. Mbele kidogo iko bustani ya Jeevanjee, ambamo wahubiri na wenye hoja za siasa hushindana kwa sauti, na makarani hulala majanini wakati wa chakula cha mchana.

Hapo mjini yafaa ajifunze saa. Mtu akimwambia kwa Kiswahili kwamba watakutana saa mbili, maana yake si alasiri. Wageni wengi wamefika wakiwa wamechelewa saa sita nzima, nao wakashangaa kutomkuta mtu.

Matatu ziendazo magharibi hupita Museum Hill, zikavuka mto Nairobi, zikapanda Westlands na kushika njia ya Waiyaki. Njia hiyo yaitwa kwa jina la Waiyaki wa Hinga, mkuu wa Wakikuyu aliyekufa Kibwezi mwaka 1892 akiwa mateka wa Waingereza. Kadiri gari lipandavyo, udongo hugeuka mwekundu na hewa huzidi kuwa ya baridi. Jambo hili lina historia yake. Zamani za utawala wa kikoloni Wazungu walijichagulia miinuko hii ya magharibi, yenye udongo mzuri na miti, nao Waafrika wakawekwa mashariki, penye udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua. Kangemi na Kawangware zilikuwa pembezoni, katika mashamba ya Wakikuyu, hata mipaka ya mji ilipopanuliwa katika miaka ya sitini. Leo mabati ya Kangemi yanapakana na bustani za Loresho.

Sokoni Kangemi mgeni hununua sweta la mitumba. Akilitazama vema ndani ya shingo huenda akaona chapa ya duka la kwao, maana nguo hiyo nayo ilitoka Ulaya, ikatangulia kufika. Mama auzaye humwuliza amekuja kufanya nini, na swali hilo ni gumu kuliko lile la Nyayo.

Wahenga walinena, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekuja na jembe lake mkononi, naye ataka kulima tangu siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa shamba. Wengine hutaka kwenda moja kwa moja katika nyumba za mayatima, kuwabeba watoto na kupigwa picha. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja huachwa tena mgeni arudipo kwao. Serikali ilisimamisha uandikishaji wa nyumba mpya za namna hiyo mwaka 2017, na Sheria ya Watoto ya 2022 yataka mtoto alelewe katika jamaa kila iwezekanapo.

Shuleni kuna shida nyingine, ambayo watumaji wa vijana hawa huisahau mara nyingi. Mwaka wa Ulaya na mwaka wa Kenya havianzi pamoja. Mgeni aliyefika Julai hajamaliza kujua majina ya wanafunzi kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya Agosti. Darasa jipya huanza Januari, wakati mawingu yameondoka na jua la mchana, ingawa hewa si ya moto, huichoma ngozi nyeupe hata ikabambuka. Kufikia hapo amejua Kiswahili cha kutosha, amejua ni mtoto yupi huja bila kunywa chai, na kazi yake ndiyo kwanza inashika. Julai ifikapo tena, mwaka wake umekwisha. Mitihani ya taifa hufanywa miezi michache baadaye, na watoto huikabili pamoja na mwalimu wao wa Kangemi, ambaye alikuwapo kabla ya mgeni, na mara nyingi kwa mshahara mdogo sana. Kwa hiyo vijana wenye busara humtafuta mwalimu huyo juma la kwanza, wakaketi nyuma ya darasa lake na daftari, wamevaa masweta yao ya mitumba, wakimsikiliza.